Watoto wa Mlimani Hawana pa Kuteremkia

Likizo ya Agosti iliyopita nilimnunulia binti yangu wa miaka sita baiskeli. Niliipata katika soko la Karatina, baada ya kuvutana bei kwa muda wa nusu saa na muuzaji wa mitumba aliyeapa kwamba ilitoka Ulaya na kwamba haikuwahi kupandwa ila na mtoto mmoja tu, tena mtoto mtulivu. Ilikuwa na magurudumu madogo, rangi ya samawati iliyochunika, kengele isiyolia na breki mbili. Siku ya pili yake nilitenda kosa ambalo ndilo lililonisukuma kuyaandika makala haya.

Kijijini kwetu Mathira kuna barabara ya changarawe inayotoka nyumbani hadi kiwanda cha kahawa kilichoko mtoni. Mwezi wa Agosti haukuwa msimu wa kuchuma, kwa hivyo barabara ilikuwa tupu: hakuna lori, hakuna mkokoteni, hakuna akina mama waliobeba magunia ya buni. Nilijiambia kwamba barabara isiyo na magari ni barabara salama, na kwa kuwa mtoto hana nguvu za kukanyaga pedali kupanda mlima, basi kheri aanze kwa kushuka. Nikamkalisha, nikamwachilia. Hazikupita sekunde kumi kabla sijaanza kumkimbilia nikipiga mayowe, "Shika breki! Shika breki!" Aliishia uani kwa jirani, kidevu kikivuja damu, na zahanati ikamshona nyuzi tatu.

Jioni, akiwa amebandikwa plasta, nilimuuliza kwa nini hakushika breki. Akanijibu bila hasira, "Baba, nilishika. Haikushikika." Nilikwenda uani nikaichukua ile baiskeli, nikamwomba aweke mikono yake usukanini. Ncha za vidole vyake hazikuufikia ule mkono wa breki. Mwenye makosa hakuwa yeye wala muuzaji wa Karatina. Alikuwa ni mtu mzima mwenye shahada tatu ambaye hakufikiria kupima kiganja cha mwanawe.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikilalamikia ngeli na viambishi, na huenda wakashangaa kwamba leo nimejitosa katika habari za magurudumu. Lakini kosa langu lina asili yake katika lugha. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, neno "mteremko" limekwisha kuwa na maana ya wepesi. Mwanafunzi anayetaka alama bila jasho huambiwa kwamba apenda mteremko. Anayeishi kwa urithi wa baba yake husemwa kuwa maisha yake ni ya mteremko. Neno likishatumika hivyo kwa muda mrefu, akili nayo hulifuata, nasi tukaamini kwamba kupanda ndiko kazi na kushuka ni mapumziko. Kwa mtu mzima mwenye breki nzuri huenda ikawa kweli. Kwa mtoto wa miaka sita mambo ni kinyume kabisa: kupanda hakumdhuru, maana akichoka atasimama tu, ilhali kushuka ndiko kunakomtaka awe na nguvu za mkono, macho ya mbali na uamuzi wa haraka, vitu ambavyo bado hajavipata.

Hata hivyo, sisemi watoto wasiteremke. La hasha! Mteremko wa taratibu ndio mwalimu bora wa baiskeli kuliko wote. Gurudumu linapojiviringisha lenyewe, mtoto hahitaji kuwaza juu ya miguu. Hujifunza jambo moja tu, nalo ni kujiweka sawa. Swali lililonikosesha usingizi tangu Agosti ni jingine: katika nchi hii yetu ya mabonde na miinuko, mteremko wa namna hiyo unapatikana wapi?

Jibu nililipata katika neno lingine. Wagikuyu huuita ule mwinuko mrefu ulio baina ya mito miwili "rũgongo", na ndio uliokuwa msingi wa makazi yao tangu zamani. Neno hilo ni ndugu wa damu wa "mgongo" wa Kiswahili. Yote mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kibantu, nasi pia husema mgongo wa mlima. Sasa mtazame mnyama yeyote aliyesimama. Akitembea mdudu juu ya uti wa mgongo wake, kutoka mabegani kuelekea mkiani, atakwenda kwa raha. Lakini akikata upande, kutoka mgongoni kushuka mbavuni, ataporomoka. Nchi yetu imeumbwa vivyo hivyo.

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, na mito huteremka kutoka kwenye msitu wake kuelekea pande zote, mfano wa spoki, zile nyaya nyembamba zinazotoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni. Kila mito miwili imeacha mgongo baina yake. Barabara inayofuata mgongo, kutoka ukingoni mwa msitu kuja chini, hushuka pole pole kwa kilomita nyingi. Barabara inayokata migongo, kutoka soko moja hadi jingine, haina budi kutumbukia mtoni, kuvuka daraja na kupanda tena. Barabara kuu inayouzunguka mlima ndio ukingo wenyewe wa gurudumu hilo, na kutoka Kirinyaga kupita Embu na Chuka hadi Meru huvuka mto baada ya mto: Thiba, Nyamindi, Rupingazi, Thuci, Nithi. Wasomaji wanalikumbuka daraja la Nithi, ambapo Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mahali hapo palikuwa pamekwisha kuua wengi kabla ya siku hiyo. Nchi iliyokatwa kinyume na mgongo wake haina huruma hata kwa dereva mwenye leseni.

Mazao yetu nayo yamepangwa kwa kanuni iyo hiyo, na laiti ningaliitafakari mapema kidevu cha binti yangu kingalisalimika. Kahawa haikobolewi bila maji mengi, ndiyo sababu viwanda vyake vimejengwa kando ya mito, chini kabisa bondeni. Barabara yoyote iendayo kiwanda cha kahawa, basi, ni barabara ya mbavuni. Hushuka kwa ghafla, na hushuka hadi majini. Majani ya chai yana desturi nyingine. Hukuzwa juu, karibu na msitu, huchumwa kila wiki, na lori huyafuata vituoni kando ya barabara zinazofuata mgongo, kwa kuwa lori lililojaa majani mabichi halipendi makorongo zaidi ya mtoto apendavyo. Mzazi anayetafuta njia ya kumfunzia mwanawe baiskeli katika Nyeri, Kirinyaga au Embu ageuze kisogo kwenye kahawa na apande kwenye chai.

Upande wa magharibi na kaskazini hali ni tofauti. Huko Kieni na Laikipia mvua ni haba, mito ni michache, na mabonde hayakuchimbika sana. Chukua mfano wa Naro Moru. Mji uko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya bahari, na lango la mbuga ya taifa liko kwenye mita 2,400, umbali wa kilomita zipatazo 17. Wanafunzi na wachukue kalamu: mita 400 kwa mita 17,000 ni kama mita mbili na theluthi moja kwa kila mita mia. Huo ndio mteremko mpole. Sasa linganisha na njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki, inayotoka langoni kwenye mita 2,650 hivi hadi kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300, umbali wa kilomita 9. Hapo hesabu inatoa zaidi ya mita saba kwa mia. Watalii wenye baiskeli za mlimani hushuka njia hiyo kwa furaha kubwa, na wanayo haki yao, lakini mtoto mdogo hana kazi nayo. Hata ile ya Naro Moru nisingeishauri yote. Sehemu ya juu imo msituni, na msituni mna ndovu na nyati wasiojua maana ya kengele. Kilomita chache za chini, zipitazo katikati ya mashamba, zatosha na kubaki, almuradi udongo uwe mkavu, kwani kuna sehemu za huko zenye udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunata magurudumuni kama ugali.

Wastani, hata hivyo, unaweza kukudanganya. Barabara yenye wastani wa mita mbili kwa mia huenda ina mita hamsini zinazoporomoka katikati yake, na hizo hamsini ndizo zitakazomvunja mtoto jino. Lazima mtu aende akapime kwa mkono wake. Mimi nilijifunza namna ya kupima kutoka kwa fundi wa mawe wa kijijini, nayo haihitaji chombo cha kigeni. Chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja na pima maji ya fundi. Laza ubao barabarani kuelekea chini, kisha inua ncha ya chini mpaka tone la hewa likae katikati. Pima kwa rula nafasi iliyo baina ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita moja ni mteremko wa moja kwa mia. Sentimita tatu ni tatu kwa mia. Rudia kila baada ya hatua ishirini. Nilipoupeleka ubao wangu kwenye ile barabara ya kiwanda, nafasi ilikuwa sentimita 11. Nilisimama pale nikiwa nimeshika rula, na majirani waliopita waliniamkia kwa tahadhari, kama wanavyomwamkia mtu aliyefiwa.

Kwa nini tatu ni salama na 11 ni hatari? Walimu wa fizikia watanisahihisha nikikosea. Kitu kinachoshuka kimo cha nusu mita bila kizuizi hupata kasi ya kilomita 11 hivi kwa saa, ambayo ni mbio za mtoto mwenyewe. Kikishuka mita mbili hupata kilomita 22 kwa saa, ambazo ni mbio asizozijua. Kwenye barabara ya kiwanda cha kahawa, mita mbili hizo zinamalizika mtoto akiwa amekwenda hatua kama ishirini na tano tu. Kwenye mteremko wa tatu kwa mia, anahitaji kwenda zaidi ya mita sitini ili ashuke kimo hicho hicho, na njiani changarawe na upepo vitakuwa vimekwisha kula sehemu kubwa ya ile kasi. Tena, mwisho wa njia uwe tambarare, au uinuke kidogo, ili baiskeli isimame yenyewe hata vidole vikishindwa. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Katika elimu hii methali hiyo ichukuliwe kama ilivyo: mzazi asikimbie nyuma ya baiskeli kama nilivyofanya mimi, bali asimame chini, mahali mtoto anapomwona, akimngoja.

Baiskeli yenyewe nayo itazamwe. Breki ivutwe kwa vidole viwili vya mtoto, si vya baba. Kuna skrubu ndogo karibu na mkono wa breki ambayo fundi yeyote wa baiskeli ataikaza ili mkono huo usogee karibu na usukani. Kiti kishushwe hadi nyayo zote mbili zikanyage ardhi kikamilifu. Kofia ngumu ya kichwani si pambo. Na kwa mtoto anayeanza, pedali zing'olewe kabisa. Nilipoanza kuzing'oa pedali za binti yangu, mama yangu mzazi alidhani nimerukwa na akili: "Umenunua baiskeli uiue?" Lakini ndivyo baiskeli ilivyozaliwa. Chombo ambacho Karl von Drais alikitembeza katika mji wa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, hakikuwa na pedali hata moja. Aliyekipanda alijisukuma kwa miguu. Na hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Goma, mashariki ya Kongo, vijana hushuka kutoka vijijini juu ya chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kikiwa kimebeba viazi, makaa na kabichi, na wala hakina pedali. Mteremko ndio injini yake. Watu wa Goma wamekiheshimu chombo hicho hata wakakijengea mnara katikati ya mji. Mtoto akiweza kuketi juu ya magurudumu mawili na kujiviringisha mita hamsini bila kuweka mguu chini, pedali atazijua kwa siku moja.

Kizazi chetu hakikufundishwa na mtu. Tulijifunzia kwenye zile baiskeli nzito nyeusi za baba zetu, tukipitisha mguu mmoja ndani ya pembetatu ya fremu kwa kuwa kiti hatukukifikia, mwili umepinda kama alama ya kuuliza. Tulianguka, tukapakwa majivu, tukarudi. Wazee wenzangu hupenda kuisimulia hadithi hii ili kuonyesha kwamba watoto wa leo wamedekezwa. Wanasahau kusimulia habari ya barabara. Barabara ya mgongo wetu, nilipokuwa na umri wa binti yangu, ilipitiwa na lori la chai, matatu moja ya asubuhi na gari la daktari wa mifugo. Baada ya hapo ilikuwa yetu, mali ya watoto na mbuzi, kuanzia chakula cha mchana hadi jioni.

Barabara hiyo leo ni ya lami. Nimeshuhudia lami nyepesi ikitandazwa katika migongo mingi miaka ya karibuni, na sitakuwa mnafiki niseme nachukia. Mama mjamzito hufika hospitali, na majani ya chai hayaozi kituoni. Lakini sifa iliyoufanya mgongo uwe mzuri kwa mtoto, yaani kushuka pole pole bila makorongo, ndiyo sifa aipendayo mjenga barabara. Amekuja akatwaa mahali pale pale. Bodaboda zinazobeba maziwa hushuka hapo zikiwa zimezimwa injini ili kuokoa petroli, kwa hivyo hata masikio hayamwonyi mtoto. Kule chini, barabara ya njia mbili ya kutoka Kenol kupita Sagana na Karatina hadi Marua, kilomita 84, imeongeza haja ya njia za mkato, nasi tulio migongoni ndio mkato wenyewe. Mtoto aliyeondolewa mgongoni anakwenda wapi? Anakwenda mbavuni, kwenye barabara ya kahawa ambayo hakuna anayeitaka, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki tupu. Kwa hakika nilimpeleka binti yangu kule kwa hoja iyo hiyo.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Tazameni shule zenu zilipojengwa. Wamishonari, na wale wazee waliochanga fedha wakajenga shule zao wenyewe za kujitegemea katika miaka ya 1930, wote walichagua mgongo, mahali panapoonekana na pasipotuama maji. Shule nyingi za msingi katika kaunti hizi zina njia ya changarawe kutoka langoni hadi ofisini au kutoka ofisini hadi uwanjani, mita mia moja au mia na hamsini, iliyozungushiwa ua, isiyoingiliwa na bodaboda, na yenye nyasi mwishoni. Ni mahali ambapo mtu angebuni kama angepewa fedha abuni. Siku ya Jumamosi mahali hapo hufungwa kwa kufuli.

Nimewasikia walimu wakuu wakijitetea, na hoja zao si za kupuuzwa. Mtoto akivunjika mkono ndani ya shule Jumamosi, nani atawajibika? Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba mzazi awepo, atie sahihi, asimame chini. Asiyekuja na mzazi asiingie. Wengine husema baiskeli ni mchezo na shule ni masomo. Kwa hao sina subira. Mtaala wa umilisi tunaoufuata sasa umeipa elimu ya viungo nafasi yake, na somo la kasi, msuguano na pembe lililofundishwa kwa ubao na pima maji juu ya changarawe halisahauliki kama lililonakiliwa daftarini. Tena, wenye kudharau baiskeli wakumbuke kwamba Chris Froome, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na kupata mafunzo yake ya awali kwa David Kinjah huko Kikuyu, kwenye migongo na mabonde ya Kiambu yanayofanana na yetu kama mapacha. Sisemi kila mtoto awe bingwa. Nataka wangu apate kovu moja tu kidevuni, wala lisije la pili.

Serikali za kaunti nazo haziwezi kuruka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi elimu ya chekechea, barabara za kaunti, na bustani pamoja na vituo vya burudani; mambo matatu ambayo ukiyaunganisha yanakupa mtoto, njia na mahali pa kuchezea. Nairobi, kwa ubovu wake wote, ina msitu wa Karura ambapo mzazi hulipa langoni, akakodi baiskeli na kumtembeza mwanawe chini ya miti bila hofu ya matatu. Nyeri ina uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kabiruini, wenye njia zake za ndani, ambao shughuli zake kubwa ni za juma moja tu kwa mwaka. Sihitaji mradi wa mamilioni wala utepe wa kukatwa na mheshimiwa. Nahitaji mtu wa kaunti aje na ubao wa mita moja, atafute katika kila wadi njia moja ya pembeni isiyozidi tatu kwa mia, aweke magogo mawili juu na mawili chini kila Jumamosi kutoka saa mbili hadi saa sita, kisha ayaondoe aende zake.

Majira nayo yazingatiwe. Udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa katika masika ya Machi hadi Mei, au katika vuli kuanzia Oktoba, huteleza kuliko sabuni, na hakuna breki itakayofaa kitu. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ukungu wa asubuhi huficha hata ng'ombe. Wenye haraka na wangoje jua. Miezi ya Januari na Februari ndiyo mizuri kuliko yote, ingawa vumbi litaingia hadi kwenye chai.

Nilipomaliza kuzunguka na ubao wangu, nilipata kipande kimoja nyuma ya kituo cha majani chai, mita 140 kwa hatua zangu. Sentimita mbili na nusu juu, tatu katikati, moja kuelekea mwisho, kisha nyasi. Tulikwenda hapo Jumamosi sita mfululizo. Mara ya kwanza tulikuwa wawili. Mara ya sita walikuja watoto kumi na mmoja wakiwa na baiskeli nne, wakipokezana kwa foleni bila kuambiwa, na bibi mmoja aliyekuja kumlinda mjukuu wake alinishauri kwa ukali kwamba yule mwenye shati jekundu apewe zamu fupi maana ana pupa. Jumamosi ya saba lori lilikuwa limeegeshwa katikati ya njia, likingoja majani ya Jumatatu, na dereva alikuwa amekwenda kwao.

Nimemwandikia mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, nikaambatisha vipimo vya njia ya kutoka langoni hadi uwanjani: mbili, mbili na nusu, tatu, mbili, tambarare. Ameniahidi kuliwasilisha jambo hilo mbele ya halmashauri ya shule, itakayokutana Jumanne. Binti yangu amerudishiwa pedali zake, na ameniuliza mara tatu wiki hii kama Jumanne ni kabla au baada ya Jumamosi.